Wao Wakigawana ni Biashara, Sisi Tukigawana ni Wizi

Karatasi ilibandikwa ukutani kwenye ngazi, kati ya orofa ya kwanza na ya pili, mahali ambapo huwezi kupita bila kuisoma. Herufi kubwa: NI MARUFUKU KUGAWANA WAIFAI KATIKA PLOTI HII. ATAKAYEPATIKANA ATAHAMA. WIZI NI WIZI. Chini yake muhuri wa ajenti. Chini ya muhuri mtu alikuwa ameandika kwa penseli, "Na maji je?", kwa sababu mifereji yetu ilikuwa mikavu tangu Jumanne.

Karatasi haikuja peke yake, ilikuja na mkasi. Kebo tuliyokuwa tumeipitisha kwenye uwazi wa ngazi, kutoka kwangu orofa ya tatu kwenda juu na kushuka chini, ilikatwa mara mbili. Mkasi haukuchagua. Ulikata pia ule waya mwembamba mweupe wa fiba unaoingia kwangu, ambao naulipia kwa jina langu. Keateka alifanya alichotumwa, simlaumu. Ilikuwa Ijumaa, saa kumi na moja jioni, na fundi wa kampuni alikuja Jumatatu.

Katikati ya Ijumaa na Jumatatu mambo mawili yalitokea. Msichana wa namba 9 alikuwa anajaza maombi ya ufadhili wa chuo, na tovuti ilikuwa inafungwa usiku uleule. Tulichanga bando kwa simu tatu, picha ya kitambulisho cha babake ikakataa kupanda mara nne, ikakubali saa tano na dakika arobaini usiku. La pili ni langu: nilikuwa na faili za sauti za saa sita za kunakili kwa maandishi, za mteja aliyetaka kazi Jumapili. Jumatatu alikuwa ameshampa mtu mwingine. Hajanijibu tena mpaka leo.

Sasa nina ilani ya kuhama kufikia mwisho wa mwezi. Nitahama. Kodi ya shilingi 5,500 naweza kuilipa popote, iwe Nyanchwa hapa au Mwembe kule. Lakini kabla sijabeba godoro nataka kuijibu hiyo karatasi, hasa ile sentensi yake ya tatu.

Wizi ni wizi. Sawa. Tuhesabu basi, tuone nani anaiba.

Ploti yetu ina orofa tano na milango 20. Kifurushi cha chini kabisa cha fiba ya nyumbani kwetu ni karibu shilingi 3,000 kwa mwezi. Ndiyo kusema mtu anayelipa kodi ya 5,500 aongeze zaidi ya nusu ya kodi ili apate intaneti. Wengi hawawezi, kwa hiyo wananunua bando la 20, la 50, la 100, linaloisha kabla ya ugali kuiva. Mwisho wa mwezi ukijumlisha hizo sarafu unakuta umelipa pesa nyingi na hujawahi kuwa na intaneti hata siku moja nzima. Maskini hununua kila kitu kwa kipimo kidogo na kwa bei ya juu. Mafuta ya kupikia ni hivyo, sukari ni hivyo, data ni hivyo.

Sisi tulichukua kifurushi kimoja cha megabiti 30, shilingi 4,100, tukawa nyumba 11. Ukigawanya, kila nyumba ni shilingi 373. Nyumba hizo 11 zingeenda kila moja kivyake, hata kwa kile kifurushi cha chini, zingelipa karibu 33,000 kila mwezi. Tofauti hiyo ya karibu 29,000 ni karo, ni unga, ni gesi. Ilibaki ndani ya ploti. Hapo ndipo mtu anaona wizi.

Kuna watakaouliza, megabiti 30 kwa nyumba 11 si mtakuwa mnaangalia kiduara kikizunguka usiku kucha? Swali zuri. Video ya kiwango cha HD huhitaji kama megabiti 5. WhatsApp ya maandishi haihitaji hata moja. Nyumba 11 haziangalii filamu kwa dakika ileile. Namba 12 ni mtu wa boda, anarudi saa nne usiku. Mama wa namba 7 anaamka saa kumi alfajiri kwenda kuchukua ndizi Daraja Mbili. Mimi hufanya kazi usiku wakati wengine wamelala. Saa ngumu ni mbili, saa mbili hadi saa nne usiku, na kwa saa hizo tuliweka kikomo kwenye ruta: hakuna nyumba inayovuta zaidi ya megabiti 6. Baada ya hapo vuta unavyotaka.

Ugumu ulikuwa kwenye kuta. Ploti za hapa ni mawe na zege, na waifai haipendi zege. Mawimbi ya gigahezi 2.4 hupenya kidogo lakini yamejaa kelele za ruta za majirani. Yale ya gigahezi 5 yana kasi, ila ukuta wa pili huyaua. Mwanzoni tulinunua vile vidude vya kuchomeka kwenye soketi vya kurefusha mawimbi, tukapoteza pesa. Kidude kile kinasikiliza na kurudia kwa hewa ileile, kwa hiyo kasi inakatika nusu, na ukiweka cha pili inakatika tena. Dawa ilikuwa ni waya. Tulipitisha kebo ya mtandao kwenye uwazi wa ngazi, na kila orofa ikapata ruta kuukuu ya mtumba inayotoa waifai ya pale tu. Jumamosi moja ilitosha. Mzee wa namba 3, ambaye hana hata simu janja, alitushikia ngazi ya mbao akisema, "Momura, ukianguka mimi sikukuona." Alipewa waifai ya mjukuu wake bure.

Hiyo ndiyo kebo iliyokatwa. Sasa turudi kwenye neno wizi.

Ajenti aliniambia, "Unaibia kampuni." Nikamuuliza kampuni imelalamika? Haijalalamika. Lakini tuseme ingelalamika. Kampuni yenyewe inaletaje fiba kwangu? Watu wengi wanadhani kuna uzi mmoja wa kioo unaotoka Nairobi hadi kwenye meza yao, wao peke yao. Hakuna kitu kama hicho. Mtindo unaotumika sana duniani kwa fiba za nyumbani unaitwa GPON. Uzi mmoja unatoka kwenye kituo ukiwa na uwezo wa karibu gigabiti 2.5 za kushusha, unafika kwenye kisanduku kidogo kisichotumia hata umeme, na mle ndani mwanga unagawanywa kama keki: nyumba 32, mara nyingine 64. Wote wanakula sahani moja. Wakivuta 64 kwa pamoja, kila mmoja anapata chini ya megabiti 40, hata kama karatasi ya kifurushi inasema zaidi. Kampuni inajua hamtavuta wote kwa pamoja. Ni hesabu ileile niliyoifanya mimi na mtu wa boda na mama wa ndizi.

Haiishii hapo. Kila kifaa kinachoingia intaneti kinahitaji anwani, na zile anwani za mtindo wa zamani zilikuwa kama bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima. Zilishagawiwa. Kwa hiyo kampuni nyingi huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Wewe, mimi na mtu wa Keroka tusiyefahamiana naye huenda sasa hivi tunaonekana na dunia kama mtu mmoja. Huo nao ni ugawanaji, na hakuna aliyekuomba ruhusa.

Panda juu zaidi, mpaka baharini. Kabla ya 2009 Kenya ilikuwa inapata intaneti kwa setilaiti, ghali na pole. Mwaka huo zikafika nyaya za chini ya bahari, na mmojawapo ni TEAMS, unaotoka Fujairah kule Falme za Kiarabu hadi Mombasa, karibu kilomita 5,000. Nani aliununua? Serikali ya Kenya haikuuweza peke yake, na kampuni za Kenya hazikuuweza moja moja. Wakachanga, pamoja na Etisalat ya huko Falme, kila mmoja akapata fungu lake la waya mmoja. Mwaka uliofuata EASSy ikaja kwa mtindo huohuo wa kuchanga. Intaneti yote unayoitumia, kutoka baharini hadi kwenye kisanduku cha mtaani, ni chama. Ikifika kwenye mlango wako tu, ghafla kuchanga kunakuwa dhambi.

Nyani haoni kundule. Kampuni za intaneti za nchi hii zenyewe zilishawahi kuitwa wahalifu kwa kosa la kugawana. Mwishoni mwa 2000 zilijiunga zikafungua kituo Nairobi kinachoitwa KIXP, ili barua pepe ya kutoka kampuni moja ya Nairobi kwenda nyingine ya Nairobi isilazimike kupanda setilaiti, kwenda ng'ambo na kurudi. Jambo la akili kabisa. Telkom Kenya, ambayo wakati huo ilikuwa na ukiritimba wa mawasiliano ya kimataifa, ililalamika kwamba haki yake imeingiliwa. Mdhibiti, wakati huo ikiitwa CCK, akaamuru kituo kifungwe, na kilikuwa hakijamaliza hata mwezi. Kampuni zikapigana, zikaeleza, zikakata rufaa. Karibu mwaka mmoja baadaye leseni ikatoka, na Februari 2002 KIXP ikafunguliwa tena. Leo hakuna anayekumbuka kwamba iliwahi kuwa haramu. Walioitwa wahalifu ndio leo wanaoandika kwenye mkataba wangu kwamba nisigawane.

Lakini ngoja, sijamaliza na ajenti. Wiki mbili baada ya mkasi, kisanduku cha chuma kilifungwa kwenye ngazi ya orofa ya pili, na kufuli. Ndani ya kisanduku kuna ruta. Karatasi ya pili ikabandikwa kando ya ile ya kwanza: WAIFAI YA PLOTI SASA IPO. SHILINGI 1,000 KWA MWEZI, LIPA PAMOJA NA KODI. Laini moja, milango 20, shilingi 1,000 kila mlango. Hesabu ni yako.

Kwa hiyo tatizo halikuwa kugawana. Mwenye nyumba anagawana. Kampuni inagawana. Wenye nyaya za baharini wanagawana. Kosa letu lilikuwa kugawana bila mtu wa juu kula faida.

Hata hivyo, Mgala muue na haki yake mpe. Kuna mambo ambayo wapinzani wetu wanayasema kweli, na sitaki msomaji ayasikie kwao kwanza.

La kwanza ni mkataba. Vifurushi vya nyumbani kwa kawaida huandikwa kwa ajili ya nyumba moja na kukataza kuuza tena. Niliusaini bila kuusoma, kama wewe. Kuvunja mkataba si wizi, lakini si kitu cha kujivunia pia, na kampuni ina haki ya kunikatia. La pili ni sheria. Kuuza huduma ya intaneti kwa watu bila leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ni kosa. Mtu akivuta laini ya nyumbani akawauzia watu 40 mtaani kwa faida, huyo anafanya biashara isiyo na leseni, hata kama tunampenda. Na anayevunja neno la siri la jirani usiku akaingia bila kuulizwa, huyo Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inamhusu. Simtetei.

La tatu ni hatari. Laini iko kwa jina langu. Mtu akitumia waifai ile kutapeli mtu, wapelelezi watagonga mlango wangu, si wake. Na mimi mwenye ruta, nikitaka, naweza kuona majina ya tovuti ambazo jirani anafungua, hata kama sioni anachosoma ndani. Hilo ni jambo zito katika ploti ambayo tayari kila mtu anajua nani amerudi saa ngapi.

La nne ndilo linaloniuma, kwa sababu ni langu. Nilisema 4,100 ukigawanya kwa 11 ni 373. Hiyo ndiyo hesabu ya haki. Hesabu niliyowapa majirani ilikuwa 450. Nyumba kumi zilinitumia 450 kila moja kwa M-Pesa, ikawa 4,500. Nikalipa 4,100, mimi mwenyewe nikakaa bila kulipa hata ndururu, na 400 ikabaki kwa simu yangu. Nilijiambia ni malipo ya kazi: mimi ndiye ninayeamshwa ruta ikigoma, mimi ndiye niliyenunua kebo. Pengine ilikuwa haki nilipwe. Lakini sikuwaambia. Kijana wa namba 12 aliona bei ya kifurushi kwenye bango mjini, akafanya hesabu akiwa anasubiri abiria, akaja kunigongea. Nilimjibu kwa dharau. Akashuka hadi kwa keateka.

Hivyo ndivyo mkasi ulivyojua njia. Kabla sijamlaumu ajenti kwa kula 20,000 gizani, nikumbuke mimi nilikula 400 gizani. Tofauti ni ukubwa wa mfuko tu.

Ndiyo maana sitaki utetezi wa kugawana uwe ule wa kusema "tuko pamoja, maskini tusaidiane" halafu basi. Kusaidiana bila daftari ni njia ya mjanja mmoja kula wenzake. Na hili watu wa Gusii wanalijua kuliko mimi niliyezaliwa juzi. Mama yangu yuko Nyamira, upande wa Ekerenyo. Yeye na wanawake wenzake wana egesangio: leo wote wanapalilia shamba la huyu, kesho la yule, mpaka mzunguko uishe. Ukiangalia kwa mbali ni undugu mtupu, nyimbo na chai. Ukikaa karibu unaona sheria. Zamu inajulikana. Asiyekuja kwa mwenzake bila sababu, kwake hakuendwi. Aliyetuma mtoto badala yake anaambiwa mbele ya watu. Hakuna anayepalilia mistari mitano huku wengine wakipalilia kumi halafu akadai alikuwa anasimamia. Undugu unasimama kwa sababu hesabu iko wazi.

Na huko Nyamira ndiko swali hili linakuwa kubwa kuliko ploti yangu. Kijijini kwetu waya wa fiba haujafika. Jioni vijana saba wanakaa nje ya duka, mmoja amenunua bando, amewasha hotspoti, wengine sita wanakula kwake. Kesho ni zamu ya mwingine. Hakuna aliyewafundisha. Kampuni haitaleta waya pale kwa sababu inahesabu milango, na milango ya kule imetawanyika mlimani, kila boma na shamba lake la chai. Lakini laini moja ikifika sokoni, antena mbili zinazoonana zinaweza kurusha intaneti kilomita kadhaa bila waya wowote. Zinachohitaji ni kuonana tu, bila kilima katikati. Sasa niambie, nchi gani ina mahali pa kusimama na kuonana kuliko milima yetu? Ukiwa juu ya ukingo wa Manga unaona nusu ya dunia.

Hii si ndoto ya mtu aliyeacha chuo mwaka wa pili. Kibera kuna TunapandaNET, mtandao wa jamii unaounganisha shule na vituo vya vijana kwa antena za juu ya mapaa. Lanet Umoja, Nakuru, wana wao. Afrika Kusini, kijiji cha Mankosi katika jimbo la Eastern Cape, wakazi walianza ushirika wao na wakauita Zenzeleni, yaani jifanyieni wenyewe. Katalonia kule Uhispania, guifi.net ilianza 2004 kwa wakulima na watu wa vijijini waliochoka kungoja kampuni, na leo ina nodi zaidi ya 30,000. Na hapa kwetu, Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa mwaka 2021 utaratibu wa leseni za mitandao ya jamii, wenye ada ndogo kuliko leseni za kampuni. Mlango wa kisheria upo. Hakuna aliyeubandika kwenye ngazi zetu.

Najua kuna wasomaji watasema, hizi kelele zote ni za nini, si waifai tu? Si TikTok tu? Hapana. Serikali ilitangaza 2023 kwamba huduma zaidi ya 5,000 ziko kwenye eCitizen. Kila mwaka kabla ya 30 Juni mwenye PIN ya kodi lazima awasilishe ritani, hata kama hana kipato, na zinawasilishwa mtandaoni. Usajili wa SHA ni wa mtandaoni. Nafasi ya chuo, mkopo wa chuo, cheti cha kuzaliwa, cheti cha tabia njema: mtandaoni. Serikali imehamisha ofisi zake zote ndani ya simu, halafu mlango wa kuingilia unauzwa na watu binafsi kwa bando la saa moja. Anayekata kebo ya ploti siku ya mwisho ya maombi amefunga mlango wa ofisi ya serikali. Msichana wa namba 9 aliingia kwa dirisha, dakika ishirini kabla. Kuna wengine ploti za jirani hawakuingia, na mimi najua vile mtu anavyojisikia mwaka mzima wa masomo ukiponyoka kwa ajili ya pesa ndogo.

Kwa hiyo nadai hivi. Kampuni za intaneti, uzeni kifurushi cha ploti. Laini moja kubwa, mkataba unaosema wazi kwamba nyumba 10 au 20 zitaitumia, bei inayoeleweka, na jina la kikundi badala ya jina la mtu mmoja. Mnajua hesabu yake, mnaifanya kila siku kwenye visanduku vyenu. Wenye nyumba, ploti ni yenu lakini ngazi tunapita sote. Kama mnataka kutuuzia waifai, tuwekeeni bei ya laini ukutani kando ya bei yenu, na mpangaji asiyeitaka asilazimishwe wala asikatiwe waya anaoulipia mwenyewe. Serikali za kaunti za Kisii na Nyamira, mnapenda sana kuzindua vitu. Zindueni hiki: ofisi moja, mtu mmoja anayejua leseni ya mtandao wa jamii inaombwaje, na ambaye hatakutuma kwa mwingine.

Na sisi wapangaji. Tuache kunong'ona kwenye ngazi kama tunauziana bangi. Kama mnagawana, gawaneni kwa daftari. Bili ipigwe picha na itumwe kwenye grupu kila mwezi. Anayeamka usiku kurekebisha ruta alipwe, na kiasi kijulikane. Kila nyumba iwe na neno lake la siri, ili anayehama atolewe bila kubadilisha la kila mtu, na anayefanya uhuni ajulikane. Anayeshika ruta aape mbele ya wenzake kwamba hatachungulia. Na mtakapokuwa mmezoea, jiandikisheni kikundi, mtoke kwenye kifurushi cha nyumbani, muombe leseni. Tukibaki gizani, karatasi ya ajenti itakuwa na ukweli kidogo ndani yake kila siku.

Jumapili iliyopita tulikutana juu ya paa, kati ya kamba za nguo. Nyumba 8 kati ya zile 11 zilikuja. Nilisimama nikasema ile 400, miezi saba, jumla 2,800. Nilirudisha 280 kwa kila nyumba hapohapo kwa simu, hata kwa wale watatu ambao hawakuja. Mama wa namba 7 alisema, "Ungetuambia tu, momura, tungekulipa hata 500." Hilo liliniumiza kuliko kama angenitukana. Kijana wa namba 12 ndiye mweka hazina sasa. Mimi nahama, lakini wameniomba niwaachie mchoro wa kebo, na nimewaachia.

Karatasi bado ziko ukutani, zote mbili. Jana nilipokuwa nashuka niliona kalamu ya penseli imerudi. Chini ya "Na maji je?" mtu ameongeza hesabu, kwa mwandiko uleule: 20 × 1,000, na mbele yake alama ya kuuliza.